Golikipa wa Ibighi

Jina lake nalijua, lakini sitalitaja. Mkamwana wake hakuwahi kulitaja, kwa sababu mila za Kinyakyusa hazimruhusu mwanamke kutamka jina la baba mkwe, nami niliyekaa katikati yao miaka mingi naona si vibaya nikimfuata yeye. Tukuyu nzima ilimwita Mzee wa Gemu. Ungefika Ibighi ukamuuliza mtoto yeyote, hata yule ambaye bado hajui kujifuta kamasi, angekushika mkono akakupeleka.

Mimi nilikuwa jirani yake wa ukuta. Yeye alikuwa na chumba cha gemu, mimi nilikuwa na saluni, na kati yetu palikuwa na mbao tu, tena mbao zenye nyufa ambazo mwenye nyumba aliahidi kuziziba tangu siku niliyopanga mpaka siku niliyohama. Akikohoa, wateja wangu wanampa pole. Nikichoma nywele, anauliza kama tuko salama. Katika ujirani wa namna hiyo huwezi kumjua mtu nusunusu.

Alikuwa mrefu, mkimya, na koti lake la mvua alilivaa hata akiwa ndani, kwa maelezo kwamba mvua ya Tukuyu haipigi hodi. Zamani alikuwa mtunza ghala wa ushirika. Ulipokuja wakati wa soko huria, kila mwenye gari akawa mnunuzi wa mazao, ghala likabaki na popo, naye akapewa kiinua mgongo na mkono wa kwaheri. Watu walimshauri vizuri tu. Anunue ng'ombe wa maziwa. Afungue mashine ya kusaga. Afungue mzigo wa mitumba sokoni kama wenzake. Akaenda Mbeya, akarudi na televisheni imeviringishwa blanketi kama mtoto mchanga, deki ya kanda za video, na gemu mbili na pedi zake za kuchezea. Mdogo wake wa tumbo moja, ambaye sisi wote tulimwita Baba Mdogo, alizunguka mtaa mzima akisema kaka amechanganyikiwa. Mzee hakubishana naye. Alisema mashine ya kusaga inataka mahindi, hii inataka watoto, na watoto hawana msimu.

Cha ajabu ni kwamba mpira hakuupenda. Gemu iliyomlisha ilikuwa ya mpira wa miguu, watoto wanapiga kelele za magoli kuanzia mchana mpaka jioni, na yeye hakujua kuotea ni nini. Nilimwuliza mara moja, akasema ni mambo ya watu wanaokimbilia vya wenzao, akaishia hapo. Hakutaka kujua. Alikuwa pia na sheria kali kuliko za shule zenyewe: mwenye sare haingii saa za darasa, na asiye na sare kwenye saa hizo anaulizwa sare iko wapi. Wenye vyumba vingine vya gemu walimcheka, maana wao walijaza wanafunzi tangu asubuhi. Chumba chake asubuhi kilikuwa kitupu. Na ni asubuhi hizo ndizo zilizotuletea filamu.

Ilianza hivi, kama alivyonieleza mwenyewe. Siku moja anajaribu pedi iliyotengenezwa, mpira ukatoka nje, akaacha kubonyeza. Akawatazama wachezaji. Wamesimama, wengine mikono kiunoni, mmoja anatazama chini, mmoja anatembea polepole kuelekea kwa mwenzake kisha anaghairi. Mvua inanyesha kwenye kioo. "Nikasema, hawa wanangoja wosia usomwe," aliniambia. "Hawa ni watoto wa marehemu, na yule mwenye filimbi ni mzee wa kanisa." Akaanza kuwasemea, peke yake, kwa sauti tofauti tofauti. Mimi ng'ambo ya ukuta nilifikiri ana wageni.

Basi akafunga waya kutoka kwenye gemu hadi kwenye deki, akaazima maiki kwa wanakwaya, na kile kinachoonekana kwenye televisheni kikawa kinaingia kwenye kanda pamoja na maneno. Tulikuwa tunatengeneza filamu za watu wetu kwa kutumia wachezaji wa mpira. Nasema tulikuwa, kwa sababu hakuchukua muda akanigongea ukuta, akaniuliza kama mwanamke wa Kiislamu anaruhusiwa kuwa mama wa bwana harusi wa Kimoraviani. Nikamwambia kwa saa moja, naruhusiwa.

Kazi ile ilikuwa na adabu zake. Ukisimamisha gemu, maandishi yanajaa kioo na filamu imeharibika, kwa hiyo mchezo lazima uendelee wakati watu wanaongea. Yeye anashika pedi moja, mimi ya pili. Wawili wanaozungumza tunawasogeza karibu, mmoja anakanyaga mpira, na wengine wote tunawaacha wazurure, kama watu wa msibani wasiokuwa wa ukoo. Tukikosea tunaanza kanda upya, maana hakukuwa na mkasi wa kukata chochote. Hali ya hewa ya gemu ilikuwa inachaguliwa, na yeye alichagua mvua kila mara. Kwanza, Tukuyu gani isiyo na mvua? Pili, mvua ya kweli ikipiga bati letu, maiki inaipokea, na mtazamaji haulizi kelele zinatoka wapi.

Wachezaji walivaa bukta kwenye harusi, kwenye baraza la ukoo, kwenye ibada ya mazishi, na hakuna mtazamaji aliyelalamika. Goli likifungwa wanakumbatiana, kwa hiyo kila suluhu ilihitaji goli. Anayeanguka na kulala ndiye marehemu. Hapo tulipata taabu, kwa sababu marehemu wa gemu haumii sana. Kuna asubuhi tulikuwa katikati ya maombolezo, mimi nalia kilio cha mjane kwa moyo wote, marehemu akainuka, akapokea pasi, akafunga. Nilidhani tungecheka tuendelee. Mzee akazima deki. Alisema msiba hauchezewi, akanitaka nilie upya tangu mwanzo.

Na salamu! Nusu ya filamu zake ilikuwa salamu. Mchezaji hawezi kumkaribia mwenzake akaanza kusema shida, lazima kwanza mugonile, na ndaga, na za nyumbani, na za migomba, na mvua imeonaje. Wakati huo dakika za mchezo zinakwenda, na refa akipuliza kipenga cha mapumziko tumekwisha, hata habari yenyewe hatujaigusa. Nikamwomba tupunguze. Akanitazama kwa huruma. "Mtu asiyesalimia ana habari gani ya kusema?" alisema. Kwa hiyo tukajifunza kukifanya kipenga kuwa kengele ya kanisa, na ugomvi wowote ulikatizwa na ibada.

Jumamosi alionyesha. Waliotoka Isongole kuuza viazi walipitia pale kabla ya kupanda mlima kurudi kwao, magunia matupu yamekunjwa kwapani, wakakaa kwenye benchi na kuwajua watu wote mle kwenye filamu. Huyu ni fulani. Yule ni shemeji yake fulani, tazama anavyotembea. Wazungu wa gemu wenye nywele za njano walipewa majina ya ukoo na mashamba yao. Ukweli ni kwamba mzee hakumsema mtu, alikuwa mwangalifu sana. Lakini alikaa ghalani miaka mingi akipokea wakulima wa kila aina, na watu waliingia kwenye filamu zake wenyewe, kwa miguu yao.

Sasa nimtaje Sekela, ndipo mengine yaeleweke.

Sekela alikuwa mke wa mwana wa pekee wa mzee. Waliishi uwanja mmoja, nyumba mbili. Kwa Wanyakyusa wa kizazi cha mzee, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Sisemi hawapendani, nasema hawaonani. Akimwona anakuja, anaacha njia na kuingia kwenye migomba. Hawakai chumba kimoja, hawasemeshani, na akisikia sauti yake anajifunika kitenge na kugeuka. Mzee naye ana wajibu wake: anakohoa kabla ya kufika uwanjani, anatazama pembeni, anapita haraka. Mimi nilipofika Tukuyu na wazazi wangu wauza vitenge, nilidhani ni uadui. Mama yangu, aliyekaa na Wanyakyusa kuliko sisi, ndiye aliyenielewesha kwamba ile ndiyo heshima kubwa kuliko zote walizonazo, na kwamba mwanamke asiyemkimbia baba mkwe ni sawa na kumwambia, wewe si kitu kwangu. Vijana wa mjini siku hizo walikuwa wamekwisha kuilegeza. Nyumba ya mzee haikuilegeza.

Neno la baba mkwe humfikia mkamwana kupitia kwa mama mkwe. Ndivyo ilivyopangwa. Ila mama mkwe wa Sekela alifariki mwaka wa pili wa ndoa yao, na mwaka uliofuata mwanaume akaondoka kutafuta maisha mpakani, Tunduma, kama walivyofanya vijana wengi biashara ilipofunguliwa. Alisema anaenda mara moja. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Sekela akabaki analima, anapika, anaweka chakula cha mzee kwenye kigoda nje ya mlango, anaondoka. Mzee anatoka, anakula, anarudisha vyombo kwenye kigoda. Miaka ikapita hivyo, watu wawili wanatunzana bila hata kutazamana.

Alikuwa mteja wangu. Siku moja namsuka, mzee ng'ambo anarekodi peke yake, anajaribu sauti ya bi harusi, na sauti ile ilikuwa kama bawaba isiyotiwa mafuta. Wanawake wote saluni tumeshika mbavu. Bi harusi anaulizwa na mchungaji kama amekubali, mzee anakohoa kidogo apate sauti nyembamba, na kabla hajaipata Sekela akajibu kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sauti nzuri, "Nimekubali, mchungaji, lakini aache pombe."

Yeye mwenyewe akaziba mdomo kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, leo tumevunja nyumba ya watu. Halafu tukamsikia mchungaji wa gemu akiuliza taratibu kama bwana harusi amesikia sharti hilo.

Tangu hapo Sekela alikuwa sauti ya wanawake wote vijana. Maiki ya pili ilipitishwa kwenye ufa wa mbao. Yeye alikaa upande wa saluni, jicho kwenye ufa, aone televisheni. Mzee alihamisha kigoda chake akakiweka chini ya ufa uleule, mgongo kwenye mbao, ili anayechungulia aone kioo cha mbele na asimwone yeye. Mimi nikawa natoka saluni kwenda kushika pedi ya pili, nimesahau mafuta kichwani kwa mtu. Hakuna aliyepanga utaratibu huo kwa maneno. Asubuhi moja kigoda kilikuwa pale, basi.

Habari zikafika kwa Baba Mdogo, akaja na fimbo. Alisimama katikati ya chumba akasema amesikia mkamwana wa ukoo wao anasemezana na baba mkwe, na kwamba mambo hayo huleta ugonjwa. Mzee akamwonyesha benchi. Baba Mdogo akakaa. Tukaendelea kurekodi: mchezaji mwenye jezi nyekundu anamwomba mjomba wake mbegu, mjomba anasingizia panya. Baba Mdogo akasikiliza hadi kipenga. Akafikiri sana. Kisha akatoa hukumu kwamba wanaosemezana pale ni wachezaji, na wachezaji hawajaoa kwa mtu. Jumamosi alikuwa wa kwanza kwenye benchi.

Yeye huyohuyo Baba Mdogo, hata hivyo, ndiye aliyekuja kutaka Sekela afichwe jambo.

Njia ya mwongo ni fupi. Habari za mume wa Sekela zilifika Tukuyu na madereva wa malori wanaopitia Kiwira: ameoa Tunduma, ana nyumba, ana watoto. Nilizisikia saluni, Alhamdulillahi Sekela hakuwepo. Mzee hakuamini umbea, akafunga chumba akasema anakwenda kutafuta pedi. Aliporudi hakuwa na pedi. Alikaa siku nyingi hagusi maiki, na watoto wakicheza hakuwa anawakemea. Ukoo ukakaa. Baba Mdogo na wenzake wakasema mwanamke asiambiwe. Akiambiwa ataondoka, wakati ng'ombe wa mahari walikwisha kwenda kwao na havijarudi hata vidole vya mtoto. Asubiri. Mwanaume hutangatanga, hurudi. Na kama harudi, kuna shamba la kulima na mzee wa kupikiwa.

Mzee akanieleza hayo mwenyewe, amesimama mlangoni kwangu na koti lake, hataki kuingia kwa sababu kuna wanawake. Nikamwambia, baba, nitume mimi. Nitamweleza taratibu, mwanamke kwa mwanamke.

"Likipita kwako, mwanangu, litakuwa umbea," alisema. "Mama mkwe wake angekuwepo angelibeba. Hayupo. Hili lazima litoke kwangu, na mimi sina mdomo kwake."

Nilikuwa nasuka watu vichwa na machozi yananilenga. Sekela alikuwa bado kijana. Kila mwezi alikuja kunyooshwa nywele, kwa sababu huenda mtu akarudi, alisema, asimkute kama mzee wa kilabuni. Nilikuwa nampaka dawa huku najua.

Siku yenyewe tulikuwa tunarekodi kichekesho. Katika filamu zetu golikipa ndiye siku zote aliyekuwa baba mkwe. Lilikuwa wazo la mzee na aliona fahari nalo: golikipa ana nguo ya peke yake, ana eneo lake limechorwa mstari, hatoki, na mkamwana hupita mbali naye. Mtazamaji wa Rungwe haambiwi. Anaona tu mstari ule mweupe anaelewa. Siku hiyo mkamwana alitaka kupanda viazi na baba mkwe anataka migomba, mimi ni mama mkwe napeleka maneno huku na huku, nikichanganya kila ujumbe. Sekela alikuwa na furaha. Sauti yake ilikuwa inacheka hata pale ambapo mhusika halii wala hacheki.

Mimi ndiye niliyemshika mchezaji wake, mpira mguuni, namzungusha nje ya mstari. Golikipa amesimama. Nikasema maneno yangu ya mama mkwe, nikangoja jibu la baba mkwe. Halikuja. Nikamtazama mzee. Alikuwa ameshika pedi kwa mikono miwili kama anayeshika bakuli la moto. Katika gemu ile kuna kitufe cha kumtoa golikipa, na watoto hukibonyeza wakizidiwa. Yeye hakuwahi kukigusa.

Akakibonyeza.

Golikipa akatoka. Akavuka mstari, anakimbia kwenye mvua kuelekea kwa mkamwana, nami kwa mshtuko nikamsahau mchezaji wangu, akabaki amesimama. Na golikipa wa gemu akifika kwa mwenye mpira hana jambo lingine analojua kufanya. Alijitupa chini. Alianguka miguuni pa mkamwana na mikono mbele. Baba mkwe, chini, kwenye tope, miguuni pa mke wa mwanawe. Ng'ambo ya ukuta nilimsikia Sekela akivuta pumzi.

"Mwanangu," golikipa akasema, na sauti haikuwa ya kuigiza. Ilikuwa ya mzee mwenyewe, ile ambayo z zake zote zilikuwa s. "Mume wako hatarudi. Nimekwenda Tunduma nimemkuta. Ana mke na watoto. Mimi ndiye niliyemzaa, kwa hiyo mimi ndiye ninayeomba msamaha. Ng'ombe waliokwenda kwenu siwadai, na ukoo ukidai watanidai mimi. Usizeeke hapa kwa ajili ya kunipikia. Nenda ukaishi."

Mgongo wake ulikuwa kwenye mbao. Sekela alikuwa nyuma ya mbao hizohizo, uso kwenye ufa. Pengine kati ya kichwa na uso palikuwa na unene wa ubao mmoja. Golikipa akasimama kwenye kioo, amekumbatia mpira, kwa sababu ndivyo gemu ilivyomfanya. Wachezaji wengine wakaanza kurudi sehemu zao.

Nilingoja Sekela atoke nje akimbie. Hakutoka. Mvua ya gemu iliendelea kunyesha.

"Baba," mkamwana akasema mwishowe, "atakupikia nani?"

Mzee akaweka pedi chini. Mimi nilitoka nje nikalilie kwenye migomba, kwa sababu mle ndani hapakuwa na nafasi yangu.

Kanda ile hakuna aliyeitazama. Mzee alirekodi kwaya juu yake. Sekela alikaa mpaka viazi vikavunwa, akaviweka ndani kwa mzee wakati mwenyewe hayupo, akarudi kwao. Baba Mdogo alifoka, akaitisha baraza, akasema kaka ameuza heshima ya ukoo kwa televisheni. Safari hii mzee alibishana. Nilisikia kupitia mbao: alisema heshima ni yake, ameitumia atakavyo, na kama wanataka ng'ombe, waje wachukue wa kwake. Waliwachukua kweli. Alikuwa anakunywa chai ya rangi tangu hapo, na akaniambia inafaa zaidi kwa kifua.

Filamu ziliendelea kidogo, na sauti za wasichana akarudi kuzifanya mwenyewe, kwa bawaba ileile. Sikucheka tena. Alijipikia vibaya mno. Nilikuwa nikimpelekea wali Ijumaa, anaupokea kwa mikono miwili, ananiambia ndaga fijo, asante sana, mwanangu, halafu ananiuliza kama nimesikia lolote la Kiwira. Kwa sababu Sekela alikuwa amehamia Kiwira, anawapikia madereva pale barabarani. Nilikuwa nikimpa anachotaka kujua. Ameolewa, baba, na fundi wa magari, mtu mpole. Amejifungua. Amejifungua tena, wa kiume. Anatikisa kichwa, anageukia watoto wake wa gemu, anamfokea mmoja bila sababu.

Kisha kanda zikapotea, sidii zikaja, kila nyumba ikawa na deki yake, na chumba cha gemu kikawa stoo ya mbolea. Mimi nilihamishia saluni yangu karibu na stendi. Mzee akarudi kukaa shambani kwake, na kila nilipomtembelea alikuwa amepungua, mpaka ikafika siku aliyekuwa mrefu akawa anatosha kwenye kitanda kidogo. Kilikuwa kifua. Jirani mmoja wa huko shambani alimsaidia kwa chakula na moto.

Nikampelekea Sekela habari. Kesho yake asubuhi alishuka kwenye bodaboda mbele ya saluni na bakuli la mbalaga limefungwa kwenye kitambaa, ndizi bado za moto, tukaenda pamoja. Njiani aliniuliza kama mzee bado ana meno.

Nilimtangulia ndani. Mlango ulikuwa wazi, kitanda kimeelekezwa mwangani, na yeye alikuwa macho. Nikamwambia nimekuja na nani. Akajaribu kukaa. Nilimwinua, nikamwekea mto mgongoni, akajifuta uso kwa kiganja, akaniuliza kama shati lake ni safi. Nikamwambia ni safi.

"Mwambie aingie," akasema. Alisema kwa nguvu, apate kusikika nje. "Sasa hakuna kinachozuia. Ameolewa kwingine, ana watoto wa watu wengine, si mkamwana wangu tena. Aingie nimwone. Sijui hata ana sura gani."

Nikatoka. Sekela alikuwa uwanjani, hatua chache kutoka mlangoni, amepiga magoti. Alikuwa amekivuta kitenge mpaka kikamfunika kichwa na uso, na mgongo ameugeuzia nyumba. Mama mzima, mwenye hoteli yake na watu wanaomwamkia Kiwira yote, amejikunja chini kama msichana aliyeolewa jana. Nikamwambia, amesema uingie, umesikia mwenyewe.

"Nimesikia, dada," akasema, bila kugeuka. "Mwambie baba siwezi kuingia. Nikiingia nitakuwa mgeni."

Sikuhitaji kulibeba neno hilo, lilikwisha fika. Niliporudi ndani mzee alikuwa ametazama dari na machozi yanaingia masikioni, hayafuti. Nikadhani ameumia. Nikaanza kumwambia kwamba nitajaribu tena, nitamshika mkono nimlete.

Akanikatiza kwa kiganja. Akavuta shuka mpaka kifuani, akajiweka sawa, na sura yake ikawa ile ya zamani, ya mwenye nyumba anayejua taratibu za nyumba yake.

"Rudisha mlango, mwanangu," aliniambia. "Mkamwana wangu yuko nje."